Koka ya Kuezekea

Mvua ya alfajiri ilimkuta Nicanora ameshakihamisha kitanda mara tatu wiki ile. Kwanza alikivuta kutoka ukuta wa kaskazini, halafu kutoka katikati, na sasa kilikuwa kimebanwa kwenye kona ya mlango, mahali walipokuwa wakilala wanakondoo wagonjwa enzi za mifugo mingi. Hata hapo tone lilimfuata likamwangukia puani. Akaamka, akakinga sufuria. Akakinga beseni, akakinga kopo la maziwa ya unga, akakinga na kofia ya marehemu mumewe, iliyokuwa imekakamaa kwa jasho la miaka na haipitishi maji haraka. Vyombo vilipomwishia, alipanda kitandani, akajifunika ngozi mbili za kondoo na kuisikiliza nyumba yake ikivuja.

"Unaona, Sajini," alimwambia mbwa. "Leo imewahi kuamka kuliko sisi."

Mbwa alijikunyata chini ya kitanda. Hakukuwa na mwingine wa kuambiwa.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ndefu, na paa lake ni la zile nyasi ngumu za mlimani zinazokata viganja. Katika manispaa nzima ya Sikuyani haijabaki nyingine ya namna hiyo. Paa kama lile likitunzwa humaliza miaka kumi na zaidi bila kumsumbua mtu, lakini la Nicanora halijaguswa tangu mwaka aliozikwa mumewe, Isidro, na mwaka huo ni wa kumi na mbili sasa. Nyasi zilikuwa zimeoza zikawa nyeusi. Juu yake yaliota magugu, na ndege walikuja kujichomolea za kujengea viota.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini asiezeke upya. Anauliza kwa sababu hajawahi kuezeka. Huku kwetu paa la nyasi haliwekwi viraka. Likifunguliwa asubuhi, lazima lifungwe kabla jua halijazama siku hiyohiyo, maana nyumba iliyolala wazi si ya watu tena, na hutampata wa kulala humo hata umlipe. Kwa hiyo kazi ni ya siku moja, na siku hiyo moja inataka watu kumi na tano: wa kusokota kamba za nyasi, wa kukanda udongo, wa kurusha, wa kupokea juu, na mkwe wa nyumba wa kupanda mwisho kabisa kuchomeka msalaba kileleni. Mwenye nyumba hupita kwa majirani siku chache kabla, na majani ya koka kitambaani. Anakunyooshea ukufi mmoja. Ukiupokea, umekubali, utakuja, na siku yako ikifika naye atakuja kwako. Asiyetaka hapokei. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, na mimi sijasikia hata siku moja kwamba mtu wa kitongoji chetu cha Pukruta alipokea koka halafu asitokee.

Isidro alipokea koka ya kila mtu. Ndiye aliyekuwa anafunga kilele, kazi ambayo wengine waliiogopa kwa sababu ya upepo, na nyumba zote arobaini za Pukruta zilipita mikononi mwake. Sasa moshi unaonekana kwenye tatu tu, na mbili kati yake zimeshawekwa mabati. Ya kwanza ni ya Nicanora. Ya pili ni ya Tata Hilarión, mzee ambaye haoni vizuri na anamsalimia mbuzi akidhani ni mtu. Ya tatu ni ya dada wawili wa ukoo wa Choque, wazee, ambao hawasemeshani tangu wasichana na wanapika moto mmoja. Waliobaki wamekwenda migodini, wamekwenda mjini, wamevuka mpaka. Nguvu zote za Isidro ziliishia juu ya nyumba za watu waliohama, na nyumba zenyewe zimeshaanguka. Nicanora alikuwa anapita mbele ya magofu yale akienda kisimani, na hakupenda kuyatazama. Upweke ulimuuma kuliko baridi, na baridi ya Pukruta si ya kuchezea.

Mtoto alikuwa naye mmoja, Primitiva, anayeshona suruali za jinzi Buenos Aires katika chumba kisicho na dirisha. Mwezi wa Agosti, lori la Domingo, dereva anayepita kila wiki mbili, lilishusha mabati kumi na mawili mbele ya mlango. Yasije yakapotea njiani, Primitiva alikuwa ameagiza yaandikwe kwa rangi nyekundu kila moja kwenye pembe: PRIMI. Nicanora hajui kusoma, lakini herufi zile tano anazijua, ndizo zinazomalizia kila barua. Alizipapasa kwa kidole.

"Primi anasema hivi," Domingo alimpa salamu akiwa ameshaingia kwenye lori. "Mama, usisubiri watu. Tafuta fundi mmoja apige misumari, yaishe."

Usisubiri watu. Alifurahi kwa mabati, na maneno yale yakamkaa kooni.

Wiki haikuisha, gari la manispaa likapanda hadi Pukruta. Aliyeshuka ni Wálter Ticona, afisa utamaduni, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mjukuu wa Tata Macedonio aliyekuwa akikaa nyumba ya tano kutoka kwa Nicanora. Hakutanguliza makaratasi. Dereva wake alibaki kando ya gari, simu mkononi. Aliketi chini, udongoni, na suruali yake safi. Akaimwagia ardhi matone ya pombe. Akafungua kitambaa cha koka, akamnyooshea ukufi.

"Bibi Nicanora," alisema kwa lugha ya nyumbani, akiivunjavunja, "nimekuja kuomba."

"Unaomba nini, mjukuu wangu?"

"Nyumba yako. Si kukunyang'anya, la. Tuiandikishe iwe urithi wa manispaa. Wageni waje, waone wazee wetu walivyoishi."

"Babu yako aliishi hivihivi. Paa lake, kilele alikifunga Isidro. Siku hiyo babu yako alilewa akamchinjia kondoo asiye wake."

Wálter alicheka kweli. "Nyumbani wananisimulia hiyo. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemnyooshea koka. Nicanora aliutazama ule mkono, akahisi machozi yanamjia, akayakemea. Akapokea kwa viganja viwili, kama inavyotakiwa.

"Na paa?" aliuliza, koka ikiwa shavuni.

"Paa litakuwa letu sote, bibi. Litarudishwa la zamani, nyasi tupu. Ila hayo mabati..." Aliyatupia jicho pale yalipoegemezwa ukutani. "Nyumba ya urithi haikai na bati. Tutayaweka ghalani kwetu."

"Yana jina la mwanangu."

"Hayapotei."

Basi dole gumba lake likachovywa wino, likagandamizwa kwenye karatasi tatu. Nicanora hakuzijali karatasi. Hesabu yake aliimaliza pale kwenye koka: huyu ameomba, mimi nimempa, sasa zamu ya kuja ni yake, na nyuma yake kuna manispaa nzima yenye vijana na magari. Aliona Primitiva amekosea. Watu wapo. Alisaidia mwenyewe kuyapakia mabati garini, akishika pembe zenye rangi nyekundu ili zisichubuke.

Mwenye nyumba ndiye hutoa nyasi na pombe. Kwa hiyo Septemba yote Nicanora alipanda mlimani na mundu, peke yake, miaka sitini na minane mgongoni pamoja na furushi. Viganja vilikatika vikapona vikakatika tena. Nyuma ya nyumba nyasi zilirundikana zikapita kimo chake, ndefu na za manjano, nyasi ambazo Isidro angezisifu. Akachemsha chicha, pombe ya mahindi, ya watu kumi na tano. Akatenga viazi vikavu na mguu wa kondoo. Akamtuma Domingo: mwambie Wálter pombe itaiva Jumatatu.

Jumatatu alifagia, akavaa sketi ya sikukuu, akakaa mlangoni. Jua lilipanda, likapita juu ya magofu, likashuka. Jumanne akasema labda gari limeharibika. Jumatano alifagia tena. Alhamisi chicha ilikuwa imechacha, akampelekea Tata Hilarión mtungi mmoja. Mzee alikunywa mpaka chini bila neno, naye ni mropokaji asiyenyamaza hata kanisani. Nicanora alijua amehurumiwa, akaona afadhali angetukanwa. Mitungi mingine aliimwaga.

Novemba alinunua nailoni ya buluu kwa Domingo, akaitandaza juu ya paa na kuikandamiza kwa mawe. Upepo uliipasua upande mmoja. Na sasa ilikuwa Desemba, mvua zimeanza rasmi, na asubuhi ile ya kofia na kopo, mvua ilipokatika kidogo, Nicanora alifunga viazi viwili kwenye shuka, akamwambia Sajini abaki, akashika njia ya mjini. Ni mwendo wa saa nne kwa miguu yake.

Kwenye manispaa alikaa kwenye benchi mpaka mchana. Karani alimuuliza kama ana miadi. Nicanora akajibu kwamba anayo, tangu Agosti. Karani akatazama kwenye daftari, akatikisa kichwa, akamwambia asubiri.

"Bibi, karibu, karibu," Wálter alisema mwishowe, akimvutia kiti. "Umejisumbua bure. Jumamosi tungekuja wote kwako. Meya, madiwani, na wageni kutoka mji mkuu."

"Mnakuja kuezeka?"

"Kuzindua bango."

"Bango."

"Kubwa. Linasimama mbele ya nyumba, lina historia yote, lina na picha yako. Umetoka vizuri sana."

"Na paa?"

"Paa lina bajeti yake. Mwaka huu imepita ya bango na ya uzinduzi. Ya paa tumeiombea mwaka ujao, lakini kwanza lazima aje mtaalamu akague aandike ripoti."

"Nyasi nimeshakata, Wálter. Ziko nyuma ya nyumba. Zinataka watu siku moja tu."

"Si rahisi hivyo. Paa la urithi haliguswi na kila mtu."

"Walioligusa kwanza walikuwa kina nani?"

Wálter alipanga kalamu zake. Zilikuwa tatu.

"Basi nirudishie mabati yangu," Nicanora alisema. "Mimi nimechoka kuoga kitandani."

"Ukiweka bati utapigwa faini, bibi. Siyo mimi, ni sheria. Na wewe umesaini."

"Mimi sikusaini. Mimi nilipokea koka."

"Bibi..."

"Wewe ndiye uliyeleta. Uliketi chini ukaninyooshea, na mimi nikapokea, nikakupa nyumba. Sasa ni zamu yako kuja. Nilikupikia pombe."

Wálter aliutazama mlango uliokuwa wazi, akashusha sauti. "Ile koka ni utaratibu wa kazi. Kila mradi vijijini tunaanza hivyo. Imeandikwa hata kwenye mwongozo: kuheshimu mila za wenyeji. Ukurasa wa pili."

Nicanora alimkazia macho. Alikuwa na pua ya babu yake, ileile. Nicanora alijisikia aibu, aibu kubwa ya kumchoma masikio, na haikuwa yake, ilikuwa ya Macedonio aliyeko kaburini, ila hapakuwa na mwingine wa kuibeba.

"Halafu ile nailoni," Wálter alimsindikiza kwa maneno akiwa ameshainuka. "Naomba itolewe kabla ya Jumamosi. Inaharibu picha."

Hakuitoa. Jumamosi walikuja na ngazi, wakaitoa nailoni wenyewe, wakaikunja vizuri na kuiweka kwenye gari. Wageni walikuwa kama thelathini. Nicanora akapewa kijiti kipya cha kusokotea sufi, ingawa chake alikuwa nacho mkononi, akaambiwa akae mlangoni asokote bila kutazama kamera. Tata Hilarión aliletwa akaketishwa kwenye jiwe, akamsalimia diwani mmoja kwa jina la mbuzi wake. Watu wakaangua kicheko, wakampiga picha na yeye.

Meya, Don Rómulo Arancibia, alizungumza kwa ufupi kwa sababu upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujaa.

"Wengine wamepoteza vya kwao," alisema. "Sisi Sikuyani hatujapoteza kitu. Tazameni nyumba hii. Inaishi."

Wakapiga makofi. Kitambaa kikavutwa, bango likaonekana: mbao nzuri zilizopakwa vanishi, maandishi mengi, na Nicanora mwenyewe pale katikati, mkubwa kuliko alivyo, amekingia koka viganja viwili na macho yanang'aa machozi. Hakukumbuka kupigwa picha ile. Alitamani mtu aigeuze.

Mvua ya mawe ikaja kwa kishindo. Watu walifunika vichwa kwa vipeperushi wakakimbilia magari, wakicheka na kusukumana, na milango ikapigwa mmoja baada ya mwingine.

"Ingia ndani, bibi, utalowa," Wálter alimwambia kupitia dirisha la gari, na alilisema kwa wema. Kisha wakaondoka, wakimshusha Hilarión kwake njiani.

Aliingia. Mawe ya mvua yalikuwa yanapita paani kama hamna kitu juu. Alisogeza kitanda, akakinga kofia, akatafuta Sajini alipo. Ndipo kipande cha paa cha upande wa kaskazini, kilichokuwa kimeshikwa na ile nailoni kuliko alivyodhani, kikalegea, kikashuka chote pamoja na fito zake, kikalala sakafuni kizito na kimelowa. Kimya kimya hivyo. Anga ikaonekana wazi. Nicanora alisimama akitazama tundu lile, na la kwanza lililomjia kichwani ni kwamba jua linakaribia kuzama na nyumba itakuwa wazi.

Alichukua ngozi zake mbili akatoka. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu, chini ya bango, kwa sababu bango lilikuwa limejengewa kipaa chake, imara, cha kulizuia lisiharibike. Pembeni kulikuwa na kibanda kidogo cha kukatia tiketi, nacho kimeezekwa, lakini mlango wake ulikuwa na kufuli. Chini ya bango alisimama mlinzi aliyeajiriwa siku hiyo, Casimiro, mtu wa kitongoji cha ng'ambo ya mlima, mwenye koti jipya la manispaa lililompwaya. Alisogea akampisha.

Nicanora akainua macho. Juu ya kichwa chake, kwa ndani, kwenye pembe ya bati, kulikuwa na herufi tano nyekundu. Kwenye bati la pili vilevile. La tatu lilikatwa kutimiza kipimo, limebaki na herufi mbili.

"Haya mabati ni ya kwangu," alisema.

"Mimi nimeyakuta hapa, mama."

"Ni ya kwangu. Hilo ni jina la mwanangu."

Casimiro alitazama juu, akasoma kwa midomo, akatazama chini. "Mimi nimeajiriwa kulinda bango."

"Na nyumba inalindwa na nani?"

"Nyumba ni yako."

"Wao walisema ni ya manispaa."

"Ya manispaa ukitaka kuweka bati," Casimiro alisema. "Mvua ikinyesha ni yako." Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anamweleza tu mambo yalivyo, na alionekana kuyachukia.

Walisimama hivyo bega kwa bega. Mbwa alikuja akajilaza katikati yao. Ng'ambo ya uwanja, zikitokeza kwenye kona ya nyuma ya nyumba, zile nyasi alizokata Septemba zilikuwa zinapigwa na mvua ya mawe, bado za manjano, bado nzima, rundo la kutosha paa lote.

"Kwenu huko bado mnaezeka nyasi?" Nicanora aliuliza.

"Zamani. Baba yangu alikuwa anapanda juu."

"Na wewe?"

"Nilikuwa napokea."

Nicanora alipitisha mkono ndani ya blauzi, akatoa kimfuko chake. Koka haikuwa nyingi, ile ya kutafuna wiki mbili zinazokuja, na ilikuwa imepata unyevu. Aliimimina yote kiganjani. Mtu mmoja si kumi na tano, hilo alilijua kuliko yeyote, lakini hata Isidro alianza na mlango mmoja. Akamgeukia Casimiro, akanyoosha mkono.

Casimiro alikuwa mtu wa milimani, hakuhitaji kuelezwa koka ile ni ya nini. Alilitazama rundo la nyasi, akalitazama koti lake, akaitazama barabara walikopotelea wenye magari. Kisha akaingiza mikono yote miwili mifukoni.

Nicanora hakuushusha wa kwake. Juu yao mawe yaliyapiga mabati ya Primitiva kwa nguvu, na hakuna hata tone lililopita.